Usiku wa pili Sopocachi: uchambuzi wa kisa cha mgeni aliyeugua mwinuko La Paz

Katika kisa hiki hakuna aliyefanya ubaya. Mwenyeji alimpokea rafiki yake kwa mikono miwili, na mgeni akapokea kila alichopewa kwa adabu aliyolelewa nayo. Hata hivyo, usiku wa pili mgeni alikuwa bafuni anatapika huku ameshika ukuta, na mwenyeji yuko mlangoni hajui aite teksi au afanye nini. Nimekipitia kisa hiki pamoja nao, hatua kwa hatua, na ninachokiona ni kwamba mwinuko ulifanya kazi yake ya kawaida. Kilichouzidisha ni ukarimu wa mmoja na ukimya wa mwingine.

Mimi si daktari. Naongoza wageni Mlima Kilimanjaro, na mwenyeji ni mdogo wangu wa tumbo moja. Wote wawili wameniruhusu nieleze yaliyotokea ilimradi nisiwataje majina, nami nakieleza kwa sababu Watanzania wanaosafiri kwenda miji ya juu ya Amerika Kusini wanazidi kuongezeka, na ushauri wanaopewa mara nyingi huishia kwenye koti zito na glavu.

Kisa chenyewe

Mdogo wangu anafundisha Kiingereza La Paz, Bolivia. Kikatiba mji mkuu wa nchi hiyo ni Sucre, lakini rais, bunge na wizara ziko La Paz, na ndiyo maana duniani kote La Paz hutajwa kuwa makao makuu ya serikali yaliyo juu kuliko yote, kwenye mita 3,640 hivi. Yeye anaishi mtaa wa Sopocachi, ghorofa ya tatu, jengo lisilo na lifti.

Mgeni wake ni rafiki wa tangu chuo, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mwalimu wa sekondari Dar es Salaam. Hana kisukari wala presha, na hukimbia ufukweni alfajiri kabla ya kwenda kazini. Alipita Addis Ababa na São Paulo, akaingia Bolivia kupitia Santa Cruz, mji wa joto ulio takriban mita 400 tu juu ya usawa wa bahari. Kutoka hapo ndege ikampandisha El Alto kwa muda wa kama saa moja. Uwanja wa El Alto uko mita 4,061.

Kwa msomaji anayeijua njia ya Marangu, hesabu ni hii. Kituo cha Horombo kiko mita 3,720, na mpandaji hukifikia jioni ya siku ya pili, kwa miguu, baada ya kulala Mandara kwenye mita 2,720. Wengi hulala Horombo usiku mwingine mmoja ili mwili uzoee kabla ya kwenda Kibo. Huyu mwalimu wa Dar alishuka ndegeni mahali palipo juu kuliko Horombo kwa mita zaidi ya 300, mwili wake ukiwa bado na hesabu za Kawe, ufukweni mwa Dar.

Alifika Jumapili alfajiri. Moyo ulimdunda alipobeba begi, akapumzika mara mbili kwenye ngazi za Sopocachi, lakini kichwa hakikumuuma na njaa alikuwa nayo. Walikunywa chai na mkate wa marraqueta, wakacheka, wakapigana picha. Kwa kuwa ilikuwa Jumapili, na Jumapili ni mojawapo ya siku mbili za soko kubwa la 16 de Julio (siku nyingine ni Alhamisi), mwenyeji hakutaka rafiki yake alikose. Wakapanda usafiri wa kebo, laini nyekundu, wakarudi juu El Alto na kuzunguka sokoni hadi alasiri. Jioni wakaja marafiki wa mwenyeji, ikaandaliwa pique macho, lile sinia la nyama, soseji, viazi na pilipili, na bia.

Kichwa kilianza saa mbili usiku. Mgeni akameza paracetamol mbili na kunyamaza. Usiku hakulala vizuri. Kila alipozama usingizini alishtuka akihema kama aliyetoka chini ya maji. Jumatatu asubuhi mwenyeji alimpikia supu ya karanga. Alikunywa vijiko vichache, akaenda bafuni na kufungulia bomba la sinki ili asisikike akitapika. Alipotoka aliulizwa, "Uko sawa?" akajibu, "Niko sawa, ni uchovu wa safari tu." Wakatoka tena: Plaza Murillo, kanisa la San Francisco, kisha mtaa wa Sagárnaga ambao wote ni mpando. Saa mbili usiku akameza paracetamol nyingine. Saa tano usiku alitapika mara tatu mfululizo na bomba halikutosha kuficha. Mdogo wangu akanipigia.

Kwa nini saa za kwanza zinadanganya

Hapa ndipo wenyeji wengi wanapokosea, na kosa lao linaeleweka. Mgeni anashuka ndegeni akitabasamu, kwa hiyo wanaamini mwinuko umempita. Lakini ugonjwa wa mwinuko, ambao Waandes wanauita soroche, kwa kawaida hauji papo hapo. Huanza baada ya saa sita hadi kumi na mbili, na usiku wa kwanza ndio hupima mtu.

Wapenzi wa mpira wamewahi kuliona jambo hili bila kulijua. Uwanja wa Hernando Siles uko La Paz, na timu za nchi za chini hulazimika kuchagua: zije siku nyingi kabla ili wachezaji wazoee, au zishuke siku ileile ya mechi, zicheze na kuondoka kabla ugonjwa haujaamka. Kukata pumzi hakuepukiki hata kwa njia hiyo ya pili, ila kichwa na tumbo vinaweza kukwepwa. Mwaka 2007 FIFA ilipiga marufuku mechi za kimataifa kwenye viwanja vya juu sana, Bolivia ikapinga kwa nguvu zote, na mwaka uliofuata marufuku ikasimamishwa. Aprili 2009 Argentina ya Maradona ilifungwa 6–1 pale pale.

Mwili unafanya nini katika saa hizo? Hewa ya La Paz ina oksijeni asilimia 21 kama ya Kawe. Kilichopungua ni shinikizo la hewa. Ufukweni ni milimita 760 za zebaki, La Paz ni kama 495, na kila pumzi inaingiza oksijeni pungufu kwa kiasi hicho. Vihisi vidogo vilivyo shingoni hugundua upungufu na kuuamuru mwili upumue zaidi. Ukipumua zaidi unatoa kaboni dayoksaidi nyingi, damu inapoteza uasidi wake wa kawaida, na ubongo unapoona hivyo unapunguza amri ya kupumua. Ukiwa macho vutano hilo halihisiki sana. Ukilala, pumzi husimama kwa sekunde kadhaa, oksijeni inashuka, unashtuka ukihema. Huko ndiko kuzama na kuibuka alikokueleza mgeni. Wanaoishuhudia mara ya kwanza huingiwa na hofu, ingawa peke yake si dalili ya hatari.

Suluhu iko kwenye figo. Zinaanza kutoa baikaboneti kwa njia ya mkojo ili damu irudi sawa na kupumua kwingi kuendelee bila breki, na kazi hiyo huchukua siku kadhaa. Chembe nyekundu za damu nazo huongezeka, ila hizo zinadai wiki. Mazoezi ya ufukweni hayaharakishi hata kimojawapo. Mkimbiaji mara nyingi ana hatari kubwa zaidi kwa sababu tu miguu yake inamruhusu kufanya mengi siku ya kwanza, na huyu alifanya mengi.

Maswali ya saa kumi na mbili asubuhi

Saa tano usiku ya La Paz ni saa kumi na mbili asubuhi kwetu. "Shikamoo kaka, samahani kwa kukuamsha, rafiki yangu anatapika, na ananiambia ni pilipili." Nilimwomba anipe mgonjwa mwenyewe, kwa sababu mtu anayejibu kwa sentensi zilizonyooka tayari amekwambia jambo la kwanza kuhusu ubongo wake.

Mlimani tunatumia kipimo kinachoitwa Lake Louise, jina la mahali Kanada. Unauliza mambo manne: kichwa, tumbo, uchovu na kizunguzungu, kila kimoja kwa alama sifuri hadi tatu. Kichwa kikiwepo na jumla ikifika tatu, mtu huyo ana ugonjwa wa mwinuko mpaka ithibitike vinginevyo. Mgeni alijipa tatu za kichwa, mbili za tumbo, mbili za uchovu, moja ya kizunguzungu. Nane. Hiyo ni daraja ya kati, karibu na mpaka wa juu.

Kisha yakaja maswali ambayo jibu lake linabadilisha usiku mzima. Nilimwambia atembee kwenye mstari wa vigae vya sebuleni, kisigino kikigusa kidole cha mguu mwingine, huku mdogo wangu akimtazama. Anayeyumba kama mlevi ana uwezekano wa kuvimba ubongo, na huyo hangoji asubuhi. Aliufuata mstari mpaka mwisho. Nikauliza kama anahema akiwa ameketi tu, kama anakohoa, kama kifua kinakoroma. Maji kwenye mapafu mara nyingi hujitokeza kuanzia usiku wa pili, ndiyo maana usiku ule ulinitia wasiwasi kuliko wa kwanza. Majibu yote yalikuwa hapana. Jirani alikuwa na oksimita, kile kifaa cha kubana kidoleni kinachopima oksijeni kwenye damu. Ilisoma asilimia 84. Kwa mtu wa Dar akiwa Dar, namba hiyo ni ya kukimbilia hospitali. Kwa mgeni wa siku mbili La Paz iko chini kidogo ya inayotarajiwa, na wenyeji wenyewe huishi na 90 hivi. Oksimita husaidia, lakini haitoi uamuzi. Dalili ndizo zinazotoa.

Hadi hapo ningeweza kusema: pumzika, usipande popote, kesho tutaona. Yako mambo mawili yaliyonizuia, na yote mawili yanatokana na mahali anapotoka mgeni.

La kwanza ni malaria. Maumivu ya kichwa, kutapika, uchovu na kutetemeka usiku: mganga wa Mwananyamala akisikia orodha hiyo anaagiza kipimo kabla hujamaliza sentensi. Daktari wa La Paz, mji ambao malaria haiambukizwi kwa sababu ya urefu wake, akisikia orodha ileile kutoka kwa mgeni wa siku mbili anafikiria soroche, na mara nyingi sana anakuwa sahihi. Lakini vimelea alivyoumwa navyo mtu Dar wiki mbili kabla ya safari huamka wakati wao ukifika, awe Dar au Andes. Soroche ya kawaida haileti homa. Mdogo wangu alipima joto: 36.8. Kabla hajashusha pumzi nikamuuliza mgeni alimeza paracetamol saa ngapi. Saa mbili. Basi kipimajoto kile hakikuwa kimetuambia chochote cha kutegemea, kwa kuwa dawa ya maumivu huishusha homa pia. Nilimwambia popote watakapokwenda usiku ule, waombe damu ipimwe malaria, na wataje Tanzania kwa sauti.

La pili ni selimundu, ugonjwa wa kurithi wa chembe nyekundu za damu. Tanzania ni miongoni mwa nchi zinazozaliwa watoto wengi zaidi wenye ugonjwa huo, maana yake wabeba vinasaba, yaani wenye AS, ni wengi mno na wengi wao hawajijui. Mbeba AS kwa kawaida ni mzima kabisa. Ila kwenye miinuko mikubwa, chembe zake zinaweza kupinda kwa kukosa oksijeni na kuziba mishipa ya bandama. Dalili yake ni maumivu makali chini ya mbavu za kushoto, mara nyingine pamoja na kichefuchefu, na ni rahisi kuyaita gesi au chakula kizito. Nilimuuliza kama anajua hali yake ya damu. Hakuwahi kupima, ila binamu yake mmoja ana selimundu. Nikamwambia abonyeze upande wa kushoto chini ya mbavu na avute pumzi ndefu. Hakukuwa na maumivu.

Kushuka, lakini kuelekea wapi?

Kanuni ya mlimani haina mjadala: mgonjwa wa mwinuko anayezidiwa anashushwa, na mita 300 hadi 1,000 huwa zinatosha kuleta nafuu. Kilimanjaro jambo hilo ni jepesi kwa sababu njia ni moja na mwelekeo ni mmoja. Wagumu, yaani wapagazi, wanamweka kwenye machela ya gurudumu, mnateremka. La Paz imekaa kama bakuli, na mtu asiyeijua ramani anaweza kumpandisha mgonjwa akidhani anamshusha.

Wazo la kwanza la mdogo wangu lilikuwa ndege ya asubuhi kurudi Santa Cruz. Mita 400, joto, oksijeni tele. Lakini ili uipate ndege hiyo lazima upande hadi El Alto, ukae uwanjani kwa saa mbili au tatu kwenye mita 4,061, na safari ikiahirishwa umekwama juu. Wazo la pili lilikuwa Coroico, mji mdogo wa Yungas ulio kama mita 1,700, saa chache kwa gari. Nalo lina mtego wake: barabara ya Yungas inapita kwanza La Cumbre, karibu mita 4,650, ndipo ianze kuporomoka. Kumpitisha mgonjwa anayetapika kwenye kimo kinachokaribia Kibo Hut, usiku, kwenye barabara ya ukungu na makona, ni kubahatisha na maisha ya mtu.

Nilimuuliza mdogo wangu swali ambalo kila kiongozi wa mlima hujiuliza akipotea: maji ya mto yanakwenda upande gani? Mto unaoipasua La Paz huteremka kusini-mashariki, unapita Zona Sur, unapita Mallasa, unaendelea bonde la Río Abajo hadi Mecapaca na mbele zaidi, mpaka maji yake yaingie Amazon. Huo ndio upande pekee ambao mtu anatoka mjini bila kupanda kwanza. Calacoto, Zona Sur, iko karibu mita 3,300. Mecapaca iko kama mita 2,850, yaani karibu mita 800 chini ya kitanda alichokuwa amelalia mgeni. Na mwalimu mwenzake mdogo wangu ana nyumba huko.

Lilibaki la wakati. Kuondoka saa ile au kungoja kuche? Kama angeyumba kwenye mstari wa vigae, au kama angehema ameketi, ningesema oksijeni kwanza na gari palepale, bila kungoja mtu avae viatu vizuri. Kwa kuwa hakuwa na dalili hizo, na kwa kuwa Mecapaca usiku hakuna maabara ya kupima malaria, nilishauri kliniki iliyo karibu, oksijeni, vipimo, halafu kushuka asubuhi. Walifika kliniki kwa teksi kwa muda mfupi.

Daktari alimwekea mipira ya oksijeni puani, akamchoma sindano ya kuzuia kutapika, akaweka dripu moja kwa sababu alikuwa amepoteza maji. Kichwa kilianza kulegea kabla ya saa moja kuisha, na hiyo yenyewe ni ushahidi mzuri kwamba tatizo lilikuwa oksijeni. Ombi la kupima malaria lilipokelewa kwa mshangao kidogo, lakini lilipokelewa. Bolivia ina malaria kwenye nyanda zake za chini, na maabara zake zinaijua. Slaidi ya kwanza ilikuwa safi. Slaidi moja safi haitoshi, hivyo walirudia siku iliyofuata kabla ya kuteremka, nayo ikawa safi.

Daktari aliuliza pia kama mgeni aliwahi kudhurika na dawa za salfa. Kwetu swali hilo linajibika kirahisi, kwa kuwa wengi tumewahi kumeza Septrin au SP na tunajua kama miili yetu inazikataa. Hakuwa na tatizo, akaandikiwa asetazolamaidi, ambayo wapanda mlima wengi wanaijua kwa jina la Diamox, miligramu 250 mara mbili kwa siku. Dawa hii haifichi maumivu kama paracetamol. Inazisukuma figo zitoe baikaboneti haraka, yaani inafupisha ile kazi ya siku kadhaa. Mtu anakojoa sana, na ncha za vidole zinawaka kama zilizokaliwa na ganzi. Mgeni alishtuka, akatulizwa.

Alilala Mecapaca usiku mbili. Asubuhi ya kwanza aliamka na njaa.

Tulichopitia upya na mwenyeji

Nilimuuliza mdogo wangu wiki yake ya kwanza La Paz ilikuwaje. Alinyamaza kidogo, kisha akakumbuka kwamba alilala siku mbili nzima na hakutoka nje. Miaka miwili ilikuwa imemsahaulisha. Chembe zake nyekundu zimeongezeka, anapanda ngazi zile na mfuko wa viazi mkononi, na mwili uliozoea haukumbuki ulivyoteseka. Mwenyeji wa aina hiyo, tena mwenye upendo, ni mtu wa kuangaliwa kwa makini na mgeni yeyote.

Ratiba ya Jumapili ndiyo iliyobeba uzito mkubwa. Kurudi El Alto ndani ya saa chache baada ya kutua ilikuwa kumwongezea mzigo mwili uliokuwa umeelemewa, na bia ya jioni ikapunguza kupumua usiku uleule ambao kupumua ndiko kulikohitajika. Chakula kingi nacho hakikusaidia. Juu kule tumbo hufanya kazi polepole. Watu wa La Paz wana usemi wao kwa wageni: kula kidogo, tembea polepole, lala peke yako. Marafiki wote waliokuwa mezani usiku ule wanaujua, na hakuna aliyeusema, kwa sababu sahani ilikuwa imeshajazwa na kumnyang'anya mgeni sahani ni aibu Andes kama ilivyo aibu Uswahilini.

Na mgeni naye. Ameniambia alivyoona: mtu amehangaika, amekopa godoro, amenunua nyama, sasa wewe unaanza kulalamika kichwa? Akala. Akapanda Sagárnaga. Akafungulia bomba. Sisi tunasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na katika mji kama La Paz naona siku mbili hizo zilindwe kwa ukali kuliko tunavyozilinda kwetu: mgeni akae, alale, anywe supu nyepesi, asitembezwe, asisifiwe kwa uvumilivu. Badala ya "uko sawa?", ambalo kwa adabu zetu lina jibu moja tu, mwenyeji aulize kama nifanyavyo asubuhi na jioni mlimani: kichwa kinauma, ndiyo au hapana? Umekula kiasi gani? Umetapika? Nipe namba.

Kuna chai ya koka, ambayo mdogo wangu alimnywesha tangu uwanjani. Jani hilo ni halali Bolivia na katiba ya 2009 inalilinda kama urithi. Linapasha mwili joto na kuchangamsha, na sioni ubaya wa kikombe. Ushahidi kwamba linazuia soroche ni mdogo, na lisichukuliwe kuwa kinga. Wala mtu asirudi na majani hayo begini, kwa kuwa Dar na Nairobi yatahesabiwa kuwa dawa za kulevya. Vidonge vya soroche vinavyouzwa kule madukani, kwa sehemu kubwa, ni aspirini na kafeini; vinatuliza kichwa huku ugonjwa ukiendelea.

Kama wangepanga upya, mambo yangekuwa hivi. Mgeni angekaa Cochabamba usiku mbili tatu, kwenye mita 2,558, kisha aende La Paz. Kama hakuna muda, angetua El Alto na kuteremshwa moja kwa moja Zona Sur au Mecapaca, na Sopocachi angeiona siku ya tatu. Asetazolamaidi, kwa ushauri wa daktari wa nyumbani, ingeanza siku moja kabla ya kupanda. Soko la 16 de Julio lingengoja Alhamisi.

Ijumaa alirudi mjini, safari hii bila kichwa kuuma, na kabla ya kuondoka Bolivia walifika Copacabana kando ya Ziwa Titicaca, ambalo liko mita 3,812, akalala huko vizuri. Aliporudi Dar nilimsisitiza apime damu. Majibu yalitoka AS.

Mdogo wangu anataka arudi mwakani, na mgeni ameniuliza kama anaruhusiwa. Sikumkataza. Wabeba AS wengi hupanda na kushuka salama, wakiwemo wengi wanaofika Uhuru bila kujua wanabeba nini, na yeye mwenyewe alishalala kwenye miinuko hiyo bila bandama kulalamika. Lakini kupita salama mara moja hakumpi hati ya kupita mara ya pili. Nimemwambia amwone daktari wa damu kwanza, aende na karatasi ya majibu iliyotafsiriwa Kihispania, aanzie Cochabamba, anywe maji vizuri, na maumivu yoyote ya ubavu wa kushoto ayaseme dakika ileile, hata kama nyama iko mezani na wageni wamekaa. Tiketi bado hajakata; anasubiri miadi ya kliniki.